Masale Mawili kwa Bendi Moja

Iwafikie wakazi wote wa Arusha, wa mjini na wa mlimani, wenye masikio na waliokwisha kuyapoteza: Jumapili hii saa tisa alasiri, ukumbini Sokon One, Majivu ya Meru, bendi kuu ya roki nzito ya njozi Afrika Mashariki na Kati, italipuka. Wagonjwa wa moyo wabaki nyumbani.

Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo. Bendi kuu yenyewe ilikuwa watu wanne na spika moja iliyonuka nywele zilizoungua. Aliyeandika tangazo ni mwimbaji wao, Elinami, wa kidato cha tatu, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni akiwa na maneno mengi kuliko nguo.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, enzi za ruksa, na magitaa ya mitumba yalishuka sokoni pamoja na majaketi ya mitumba. Ebenezer wa Kijenge, mpiga gitaa, alijipatia kidude cha kukanyaga kwa mguu kilichofanya gitaa lilie kama msumeno uliokutana na msumari. Wimbo mmoja ulichukua dakika ishirini na tano. Watu walikuja na wachumba wao kucheza dansi, wakakuta taa nyekundu na kijani zinazunguka na gitaa linapiga mayowe. Onyesho la kwanza walirushiwa chupa. La pili, viti. La tatu, kilirushwa kiti pamoja na aliyekikalia. Elinami aliyaita hayo maendeleo.

Vita vibaya zaidi vilikuwa ndani ya bendi. Anande, mpiga ngoma, alidai gitaa linammeza; Ebenezer akamjibu kwamba anapiga ngoma kama anayetwanga mahindi. Siku moja mazoezini Anande alimtupia fimbo ya ngoma, ikampasua nyusi. Ebenezer akavua gitaa, akalishika shingoni kama shoka, akamng'oa meno mawili. Wakaapa, kila mmoja akitema damu, kwamba mwenzake asipokuja kumwangukia, bendi imekufa.

Shuleni Elinami alikuwa mfagia bweni. Jukwaani alikuwa Elinami wa Majivu. Bendi ikifa, angebaki na ufagio tu, na likizo ilikuwa imebakiza wiki moja. Akapanda mlimani kwa bibi yake, kijijini Akheri, akakata masale mawili kwenye ua wa mpaka wa shamba.

Sale si jani la mchezo. Mchaga au Mmeru akiletewa sale lililofungwa fundo, hata kama aliyelituma amemuulia ng'ombe, hana ruhusa ya kukataa msamaha. Elinami aliyafunga yote mawili kwa uzi, akampelekea Ebenezer moja, akisema limetoka kwa Anande. La pili akampelekea Anande, akisema limetoka kwa Ebenezer. Kila mmoja alilia kidogo, kisha akavimba kifua.

Lengai, mpiga besi, Mwarusha mpole wa upande wa pili wa mlima, aliuliza kama hawa jamaa ni watu au mbuzi, mpaka wapatanishwe kwa majani.

"Kwenu mnapatana kwa nini?" Elinami akamwuliza.

"Kwa nyasi," alisema Lengai, akaangua kicheko mwenyewe.

Jumapili walipiga kama hawajawahi. Hata waliokuja na chupa za kurusha walizinywa. Ndipo Ebenezer, jasho likimtiririka, akashika maikrofoni.

"Leo namsamehe hadharani mpiga ngoma wangu," alisema, "aliyenijia na sale."

Anande alisimama taratibu nyuma ya ngoma zake. "Nani alikujia? Wewe ndiye uliyeleta jani, mwongo wewe."

Alichomoa sahani ya shaba ya ngoma, akamchana nayo sikio. Ebenezer akaliinua gitaa. Ukumbi nao ukaingia kazini: meza zilivunjwa miguu, miguu ikavunja vichwa, na wengi hawakujua wanapigania nini. Lengai alijitosa katikati mikono mitupu, akiwasihi waache. Gitaa lililokusudiwa kichwa cha Anande likatua juu ya mkono wake wa kushoto, ukingoni mwa spika. Vidole vinne vilivunjika kwa sauti ya mabua makavu.

Nje ya wodi, Ebenezer na Anande, bandeji kila mahali, walitoa kila mmoja sale lake kuwa ushahidi. Fundo lilikuwa moja. Uzi ulikuwa mmoja, wa sufu, rangi ya damu ya mzee. Wote wawili wakageuka, wakautazama mkono wa sweta la shule la Elinami, uliofumuka hadi kiwikoni.

"Dogo, sweta limeliwa na nini?" aliuliza Ebenezer.

Elinami alijibu kuwa ni panya. Anande alimzaba kofi lililomfikisha hadi kitandani kwa Lengai.

Plasta ya Lengai ilifika kwenye kiwiko. Daktari alikuwa amesema vidole viwili havitakunjika tena. Elinami alitafuta neno kubwa, kati ya yale mengi aliyorudi nayo, akakosa. Akatoka nje mbio. Aliporudi, viganja vyake vilijaa nyasi za uani, na udongo bado ukidondoka kwenye mizizi.

"Kaka Lengai," alisema, "masale yote mawili niliyakata mimi. Hakuna aliyemwomba mwenzake. Hizi hazijatoka kwa mtu mwingine. Zimetoka kwa Elinami."