Njia Isiyo na Mgongo

Alwyn Hosking alilisikia gari la nesi kabla hajaliona, na alichokisikia hakikumpendeza. Injini ililia, ikanyamaza, ikalia tena, kama mtu anayehangaika na mlango uliokwama. Alipotoka barazani akaliona gari dogo jeupe likipanda kilima kiubavuubavu, tope likiruka hadi kwenye vioo. Lilifika, lakini lilifika kwa kudra.

"Mzee Alwyn," Marivic alisema akivua viatu mlangoni, "leo nimesali njia nzima. Na mimi kanisani siendi siku hizi."

"Ni utelezi kidogo tu."

"Kidogo? Pale kwenye kona nilikuwa natazama nilikotoka."

Coral, mke wa Alwyn, alicheka kitandani, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili kiharusi kiliuchukua wakati wa baridi. Kitanda chake walikiweka sebuleni, dirishani, ili auone mlima na ng'ombe. Kila asubuhi Marivic alikuja kumgeuza, kumwogesha na kumfunga kidonda cha mgongo. Alwyn aliwahi kujaribu kuzifanya kazi hizo peke yake, na yeye na mkewe wakaishia sakafuni wote wawili, wakisubiri mtu apige hodi.

Alipomaliza, Marivic hakuondoka. Alisimama kando ya sinki akikausha mikono ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Ofisini wamesema, gari likishindwa kupanda, huduma ya nyumbani inasimama. Kuna kitanda mjini Taree, kwenye nyumba ya wazee. Watamchukua siku hiyohiyo."

"Nani kasema hawezi kubaki?"

"Ofisi, Mzee. Mimi sitaki. Nakwambia ujue."

Coral alizaliwa bonde hilihili, na alikuwa amesema mara moja tu, wakati ulimi wake ulipoanza kumrudia, kwamba hataki kufa akitazama ukuta wa rangi ya uji. Hakurudia tena. Hakuwa mwanamke wa kurudia.

"Njia itakuwa sawa," Alwyn alisema. "Nina trekta."

Trekta lilikuwa dogo, la rangi ya chungwa, na nyuma yake lilining'inia bamba la chuma la kukwangulia ardhi. Kwa bamba hilo Alwyn alijenga jina. Bonde zima hapakuwa na njia ya kuingilia nyumbani iliyosawazishwa kama ya Hosking. Kila baada ya mvua kubwa, wengine wakiwa wanakunywa chai, yeye alilishusha bamba, akalikwangua tope, akaufuta kila mfereji uliochimbwa na maji, akausukuma udongo pembeni, akauacha uso wa njia laini kama unga uliopitishwa kwenye chekecheke. Alifanya hivyo tangu ujana. Watu waliopita barabara kuu walipunguza mwendo kutazama, naye aliwapungia mkono.

Alasiri ile akaikwangua tena, kutoka nyumbani hadi getini, kisha kutoka getini hadi nyumbani. Ikapendeza. Mvua ikarudi na giza, na kulipopambazuka maji yalikuwa yameichana katikati.

Basi akabadili maarifa. Aliliinamisha bamba pembe moja, akachimba mtaro kando ya njia, upande wa mlimani. Maji yakaingia mtaroni, yakashuka kidogo kwa adabu, halafu yakarudi njiani kama mgeni aliyesahau kofia. Akajaribu kuukata ukingo wa upande wa chini ili yapate pa kutokea malishoni. Trekta likasukuma, magurudumu ya mbele yakainuka hewani, ya nyuma yakazunguka bure. Akateremka na koleo. Alichimba kwa hasira, mvua ikimpiga kisogoni, hadi alipoinua macho kupumua.

Nyasi za malisho zilikuwa usawa wa kifua chake.

Akageuka upande wa pili. Kifua vilevile. Alisimama pale, koleo mkononi, maji yakipita juu ya buti zake, akitafuta kwa macho mahali popote palipokuwa chini kuliko alipokanyaga. Hapakuwapo.

"Unatafuta dhahabu?" sauti iliuliza kutoka juu.

Ilikuwa ya Kel Petrie, jirani yake, aliyekuwa amesimamisha pikipiki yake ya magurudumu manne pembezoni mwa malisho. Kel alikuwa juu, Alwyn chini, kama watu wawili wanaozungumza kaburini.

"Natafuta pa kuyatolea maji."

Kel alifuta mvua puani. "Hutapata, bwana."

"Kwa nini nisipate?"

"Maji hufuata mkondo, na mkondo wenyewe ndio huo umesimama ndani yake. Njia inataka mgongo, Alwyn. Iinuke katikati, maji yaanguke huku na huku. Hii yako umeikwangua mgongo mpaka ikawa tumbo. Kila uliposema unaisawazisha, ulikuwa unaichimba."

Alwyn alitazama bamba la trekta. Lilikuwa linang'aa, chuma kilichosuguliwa na udongo wa nyumbani kwake miaka nenda miaka rudi.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Aa. Tangu wanao wanasoma."

"Nani mwingine anajua?"

"Nani hajui? Dereva wa basi la shule alikuwa anapaita Mto Hosking."

"Na usiniambie."

"Ningekuambiaje?" Kel alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kisirani. "Wewe ulishakuja kuniambia uzio wangu umepinda?"

Uzio wa Kel ulikuwa umepinda kweli, umepinda vibaya, na yeye kila alipoupita alipunga mkono akatazama mbele. Ndivyo watu wa bonde lile walivyoheshimiana. Mtu anaweza kukukopesha fahali, akakuzimia moto, akakuzikia baba, lakini hakuambii kasoro ya mali yako. Heshima hiyo sasa ilikuwa inapita juu ya buti za Alwyn, ya baridi, ya rangi ya chai ya maziwa.

Akasema neno ambalo hakuwahi kulisema. "Niletee katapila lako."

"Ningekuja sasa hivi. Lakini katapila kuchimba litachimba, kujaza litajazia nini? Hapa zinatakiwa tipa za changarawe, tipa juu ya tipa. Na tipa haipandi mpaka pakauke."

"Patakauka lini?"

Kel alitazama mlima. Mlima haukuonekana.

Asubuhi iliyofuata simu ililia. "Mzee, niko getini," Marivic alisema. "Nimejaribu, nimerudi kinyumenyume, nimejaribu tena. Limekaa mtaroni."

Alipanda kwa miguu, amelowa hadi kwenye nywele, akafanya kazi yake yote bila haraka. Kisha akamwambia Alwyn ukweli. "Kutembea mimi naweza kila siku, nimekulia milimani. Ila gari lina kile chombo, ofisini wanaona lilipo. Wameshaona limelala getini. Gari la wagonjwa liko njiani, na wanataka liwahi kabla maji hayajapanda darajani, kwenye barabara ya Taree."

"Ungewaambia umeegesha tu."

"Nimewaambia. Wamecheka."

Wanaume wawili wenye sare walikuja kwa miguu na machela. Wa kwanza alianguka kwenye kona, wa pili akaanguka akimwinua. Walipofika barazani walikuwa na tope hadi mashavuni, na mkubwa wao akasema, "Mzee, huyu mama hatumbebi kwa njia ile. Tutamwangusha. Hilo trekta linashuka?"

Likashuka. Alwyn mwenyewe alilitoa bamba, akafunga mahali pake kichanja cha chuma cha kubebea majani, akakitandika godoro, na wale wanaume wakamfunga Coral kwa mikanda akiwa ameketi, koti la mvua hadi kidevuni. Marivic akatembea pembeni na mwavuli.

"Polepole, dereva," Coral alisema. "Mimi si samadi."

"Samadi hailalamiki."

Alicheka. Alwyn aliendesha shingo imegeuka nyuma, mguu juu ya klachi. Walipoingia sehemu yenye kina kirefu, Coral aliacha kucheka. Tangu baridi alikuwa ameiona njia kutoka dirishani tu. Sasa kingo zilimpita kichwa, mizizi ya nyasi ikimning'inia usawa wa macho.

"Mbona tuko chini hivi?"

"Ni mvua."

"Si mvua hii, Alwyn." Alitafuta maneno kwa ule upande mzima wa mdomo. "Miaka yote nilidhani ndivyo ulivyotaka iwe. Nikasema, acha, ndiyo furaha yake."

Aliangalia mbele, akashika usukani kwa mikono miwili, ingawa trekta lilikuwa linafuata mfereji lenyewe.

Getini walimhamishia kwenye gari la wagonjwa. Ndani mlikuwa na mzee mwingine, mwenye barakoa ya hewa, na kiti cha pembeni kilikuwa na mizigo yake. Alwyn alikitazama kile kiti.

"Samahani sana, Mzee, nafasi ya pili hakuna," mkubwa wa wale wanaume alisema. "Na daraja halitusubiri."

"Nenda kampe yule ng'ombe mweupe chumvi," Coral alimwambia. "Umemsahau."

Alitaka kumshika mkono, lakini mikono yake ilikuwa tope tupu, akaiacha hewani. Mlango ukafungwa. Gari likaondoka taratibu, na Marivic akabaki amesimama na mwavuli ambao hakuna aliyekuwa chini yake.

Kel alikuwa amekuja na mnyororo kulivuta gari la nesi. Hakutazama njia. Alitazama magurudumu ya gari, mnyororo, vidole vyake.

"Nitakupeleka Taree kesho," alisema.

"Daraja?"

"Likifunguka."

"Likifunguka," Alwyn akasema.

Akapanda trekta lake. Kwenda nyumbani kulikuwa na njia ileile moja, na maji yalikuwa yanashuka nayo, yakimjia.