Namba Kumi za Anyitike

Tangu aanguke na pikipiki kwenye mteremko wa Uyole, Anyitike alimwulizia mama yake kila asubuhi. Mama alifariki yeye akiwa bado amelazwa. Sekela, mkewe, alipompa habari wakalia pamoja. Kesho yake akauliza tena, "Mama ameamkaje?"

Mwezi wa pili tangu ajali, Sekela alichoka. Akamwita shemeji yake Clement, mwalimu wa shule ya msingi. Ili kumpima kumbukumbu, Clement akamtajia kaka yake namba ya simu, tarakimu kumi. Anyitike akazirudia zote bila kukosea.

"Shemeji, chuoni tulifundishwa kichwa cha mtu hubeba vitu saba kwa mara moja," Clement alisema walipotoka nje. "Huyu kabeba kumi. Anaukwepa msiba tu."

Sekela akaamini. Asubuhi iliyofuata, swali lilipokuja, alimfokea mbele ya watoto: "Mama yako amekufa! Acha kutuigizia!" Anyitike akakaa sakafuni akalia kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza.

Siku ya kliniki mjini Mbeya, Sekela alimsimulia daktari habari ya zile namba. Daktari, mama wa makamo, akatikisa kichwa.

"Hiyo saba si mpaka, mama. Mtu akizigawa namba kwa mafungu anabeba hata zaidi. Ila huko ni kushika kwa sekunde chache. Kuhifadhi mambo ya jana ni kazi nyingine, na hapo ndipo alipoumia."

Akamtajia Anyitike namba kumi, naye akazirudia zote. Wakaongea kidogo kuhusu bei ya viazi, kisha daktari akaziulizia tena.

"Namba gani, daktari?" Anyitike alijibu kwa adabu.

Jioni, nyumbani, Sekela alipiga magoti mbele ya mumewe akamweleza yote: kifo cha mama, na jinsi alivyomfokea. Anyitike alilia sana. Kisha akamshika mkono. "Nimekusamehe, mama Eliezeri. Hukujua."

Sekela akaenda kuepua viazi. Aliporudi na sahani, Anyitike alimtazama akashtuka.

"Mbona macho mekundu? Nani kakuliza?"

Sekela alitamani kuusikia ule msamaha tena. Lakini ili ausikie, ingebidi amfishe tena mama wa watu.

"Ni moshi," alisema, akamsogezea chumvi.