Kosa Kwanza, Mukimo Baadaye

Vijana wa Kiambere walitushinda besiboli kwa pointi moja, hapa kwetu Muthara, mbele ya mama zetu. Mpira wa mwisho ulipaa juu kama unaenda kuomba mvua, ukashuka kwenye glavu ya Mutwiri, ukatoka. Kiambere wakaimba mpaka gari lao likapotea.

Mutwiri alimwendea kocha wetu, Madam Makandi. "Madam, tafuta mwingine. Mimi basi." Akaenda kukaa kando, akaanza kufungua viatu.

Madam alitugeukia sote. Alikuwa ameshika mwiko juu ya sufuria ya mukimo wa viazi na mahindi, na sheria yake tunaijua: tushinde, tushindwe, hupakuliwi kabla hujasema ulichoharibu wewe na alichookoa mwenzako.

Nahodha Mbaabu akaanza. "Nilirusha mipira kama mtu anayelisha kuku. Aliniokoa Njoka, mdakaji wetu, aliuzuia mmoja kwa tumbo."

"Tumbo lenyewe halina mpaka," nikasema. Wakacheka wote isipokuwa Mutwiri.

Zamu yangu ikafika. "Nilipiga hewa tu, nzi wa Muthara wanishukuru kwa upepo. Halafu nikapewa kituo cha kwanza bure, nikasogea hadi cha tatu, nikasimama hapo kama nguzo ya stima, hadi Mutwiri akapiga mpira ukaingia kwa mahindi ya watu. Ndiye alinifikisha nyumbani, tukapata pointi."

"Usinionee huruma, wewe!" Mutwiri akasema.

"Huruma gani, na viatu vyako ni vizuri kuliko vyangu?"

Ngari alifuata, sahani mkononi. "Ule mpira wa mwisho, nilimwambia Mutwiri, 'Wacha, ni wangu!' Akasimama. Jua likanipiga macho, nikanyamaza. Ndio akaurukia akiwa amechelewa." Akamtazama Mutwiri. "Na aliyeokolewa ni mimi. Tangu saa ile hajanitaja."

Hakuna aliyekuwa amemsikia uwanjani. Mama zetu walikuwa wanapiga kelele kuliko Kiambere.

Mutwiri alikuja bila viatu. "Lakini mpira uligusa glavu yangu."

"Basi chukua nusu ya kosa."

"Haya. Nusu."

"Na aliyekuokoa?" Madam akauliza, mwiko hewani.

"Huyu Ngari. Angenyamaza, nani angejua?"

Madam akampakulia mpaka sahani ikajaa. "Kula. Jumatatu ni mazoezi."

"Sawa, Madam."

Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa hawa watu, kisha nikamwambia Mutwiri asogee, amekalia kofia yangu.