Nimechota

Theuri ana mkono wa kutoa, na ana roho mbaya, na viwili hivyo vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Mimi Wacera nimekaa naye ofisi moja hapa Ruring'u, juu ya duka la vyakula vya ng'ombe, sote waandishi wa programu, kwa hivyo msiniambie simjui.

Ndiye aliyeanzisha Kisima, grupu yetu ya WhatsApp. Ukikwama kazini unaingia pale, unakuta vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa: mistari michache ya kupanga tarehe au ya kurekebisha namba za simu, na maelezo mafupi chini yake. Unakopi, unabandika kwenye kazi yako, unaendelea na maisha. Vingi vilikuwa vyake. Hakudai chochote ila neno moja: ukichukua kipande, andika "nimechota". Kwetu mtu hachoti maji kwa jirani akaondoka kimya, na Theuri alilishika hilo kuliko amri za kanisani.

Basi nimechota zikakauka. Kila asubuhi Theuri anafungua simu, anaangalia, anasonya.

Siku moja mama yake akamletea risiti ya maziwa kutoka chama cha wafugaji kule Tetu. Mashine ilikosea, na mahali pa jina lake palichapishwa "githeri". Sasa, Theuri huzipa orodha zake majina ya vyakula; ile yenye kila kitu ndani huiita githeri, kama ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe. Akajua papo hapo kwamba kipande chake kinatumika huko, na aliyekichukua hakusema.

"Ni yule Kyalo wao wa kompyuta," akaniambia. "Ati anakula kwangu na hata asante hana."

Kyalo nilimfahamu. Mtu mpole, kazini bado yuko kwenye majaribio. Chama kikimthibitisha, angemleta mkewe Mbula na mtoto kutoka Mwingi. Chumba alishapata hapa Ruring'u, hata pazia ameshalitundika. Nilimwambia Theuri hayo yote nikidhani atalegea.

"Mtoto akililia wembe, mpe," akasema.

Mama yake alikuwa amelalamika pia kwamba jina lake liko mara mbili kwenye kompyuta ya chama. Theuri akaandika kipande kipya, cha kuondoa majina yaliyojirudia, na maelezo mazuri ya kuvutia. Katikati akachomeka mstari wa kufungia majina yote, ya kujirudia na yasiyojirudia, kwa neno la siri alilolijua yeye tu. Akakitupa Kisimani asubuhi. Mimi nilikisoma nikinywa chai, na chai ikanishinda.

"Toa hiyo kitu, Theuri."

"Nani amemwambia akopi bila kusoma? Na hayajapotea. Niko na neno la kuyafungua. Akiniomba vizuri, nitampa."

Nikaona huyu hasikii, wacha niwaonye watu mwenyewe. Nikafungua Kisima niandike. Haikubali. Chini palikuwa na maneno kwamba ni admini pekee anayeweza kutuma ujumbe. Hapo ndipo nikakumbuka Pasaka, watu walivyojaza grupu maombi na picha za mishumaa mpaka Theuri akaifunga kwa hasira. Mimi nikichota humwambia kwa mdomo, sikuwahi kugundua. Kumbe mtu ameziba watu midomo, akasahau, halafu anawanunia kwa kunyamaza.

Nikamwekea simu mbele ya macho. Akasoma, akaifungua grupu. Nimechota zikaanza kumiminika. Ya kwanza ilikuwa ya Kyalo.

"Nimechota, kaka Theuri. Nilikuwa nashindwa kuandika hapa, samahani sana. Hiki cha majina nimekitumia sasa hivi. Mungu akubariki."

"Mtumie hilo neno," nikasema. "Saa hii."

"Nikimtumia saa hii atajua ni mimi." Akaweka simu mfukoni.

Simu ikaanza kulia humo mfukoni. Hakuishika. Mimi nikampigia Kyalo, laini inatumika, nikarudia, inatumika tu. Alikuwa anamtafuta Theuri. Kule Tetu kompyuta haikumjua mfugaji hata mmoja. Watu walisimama na mitungi juani, maziwa yakaharibika, wakayamwaga mtaroni, ya mama yake Theuri yakiwemo.

Simu aliyoishika hatimaye ilikuwa ya mwenyekiti wa chama. Alivaa koti akaenda, akabonyeza lile neno lake la siri mbele ya kamati, majina yakarudi, wazee wakampigia makofi. Walipouliza shida ilikuwa nini, alisema ni watu wa kukopi bila kusoma. Kyalo alifutwa kazi hapo hapo, na kiti chake akapewa Theuri. Ubaya gani huu, nikajiuliza, unaovaa koti safi namna hiyo.

Jioni nilikwenda kwa Kyalo nikamkuta anafunga mizigo. Nikamwambia yote: githeri, neno la siri, simu iliyolia mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho akilishusha pazia.

"Dada Wacera, usimseme Theuri vibaya," akasema. "Leo wazee walitaka kuniitia polisi. Ni yeye aliwaomba waniache. Wewe ulijua tangu asubuhi, na hukuja."

Nikainama, nikamshikia mfuko mmoja aufunge.

"Ameniambia akipata nafasi ya msaidizi ataniita. Kwa hivyo tafadhali, usiniharibie."

Akashika ncha za pazia, akalikunja polepole lisiingie mikunjo, akaniuliza kama naweza kumwekea mpaka atakaporudi na Mbula.