Swali la Pili la Hakimu

Piusi ndiye aliyemkabidhi mdogo wake kibuyu cha pombe. Ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya ukoo wao na majirani ulikuwa umesuluhishwa mchana ule kijijini kwao Daa, na desturi iliwataka walioomba radhi wanywe kwanza, mbele ya watu wote. Mdogo huyo, Remigius, dereva wa watalii aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alipiga mafunda machache, akampokeza jirani. Saa kumi alasiri akawasha pikapu aliyoazima, akaelekea Karatu mjini. Alipofika kwenye lami, trafiki walimsimamisha, wakanusa pumzi yake, wakampa kimashine apulize.

Siku mbili baadaye, akiwa nje kwa dhamana, aliketi pamoja na kaka yake mbele ya Beatrice Sairowua, wakili kijana, mzaliwa wa Soitsambu, aliyekuwa akitoa msaada wa kisheria pale mjini.

"Walikuonyesha namba?" Beatrice aliuliza.

"Hapana, dada. Nilipuliza mara mbili. Mara ya kwanza akasema sijapuliza vizuri. Mara ya pili akaangalia mwenyewe, akaandika. Nikaomba nione, nikaambiwa nikae pembeni."

"Ulikunywa kiasi gani?"

"Mafunda manne. Labda matano."

"Labda sita," Piusi alisema.

Beatrice alicheka. "Mzee wangu, wewe uko upande gani?" Kisha akamgeukia Remigius. "Sikiliza, kaka. Kosa si kunywa. Kosa ni kuendesha gari wakati kilevi mwilini kimezidi kiwango cha sheria. Kama kilizidi, kazi ya kuthibitisha ni yao, na wewe hulazimiki kuwasaidia. Ukisomewa shitaka, kana. Kukana si kusema uongo. Ni kuwaambia wathibitishe. Leseni yako ndiyo kazi yako. Usiitoe kwa neno moja."

Remigius alielewa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amewashusha wageni ndani ya kreta kutazama wanyama na kuwarudisha salama, na kampuni isingemweka dereva asiye na leseni hata kwa wiki moja.

Piusi hakuridhika. Asubuhi ya kesi, wakitembea kuelekea mahakamani, alimshika mdogo wake mkono.

"Ulikunywa, hukunywa?"

"Nilikunywa, kaka."

"Basi utasimamaje mbele ya watu useme hukunywa?"

"Wakili amesema si hivyo."

"Wakili ni mtoto wa juzi. Mimi nimemaliza ugomvi wa watu tangu hajazaliwa. Anayekiri huhurumiwa."

Kwa hakika, hivyo ndivyo alivyouona ulimwengu ukienda. Katika vikao vyao, mtu aliyesimama na kusema "nimekosa" hakuulizwa zaidi. Wazee walijibu kwamba yamekwisha, na kibuyu kikazungushwa. Aliyekiri kisha akaanza kubishania hiki na kile alihesabiwa kuwa ameiondoa radhi yake mwenyewe, na hiyo ilikuwa aibu kuliko kosa la kwanza.

Kesi yao iliitwa kabla Beatrice hajatoka kwenye shauri jingine, chumba cha pili. Remigius angeweza kuomba wakili wake asubiriwe. Hakuomba. Aliposomewa shitaka, alijibu, "Ni kweli, Mheshimiwa."

Mwendesha mashitaka akasimama kusoma maelezo: kwamba gari liliyumba barabarani, kwamba mshitakiwa alipimwa na kukutwa amezidi kiwango, kwamba alionyeshwa matokeo ya kipimo, akayakubali.

Hakimu, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole, aliacha kuandika. "Mshitakiwa, umeyasikia maelezo. Je, yote ni sahihi? Kama lipo lisilo kweli, liseme sasa."

Remigius alifungua kinywa. Kisha akatazama kwenye benchi alipoketi kaka yake. Piusi aliliona neno likija, akaona aibu inayolifuata, akatikisa kichwa kumkataza.

"Ni sahihi, Mheshimiwa."

Alitozwa faini, na leseni yake ikafungiwa mwaka mzima.

Beatrice aliwakuta kwenye ngazi. "Mmekiri?"

"Tumekiri," Piusi alijibu.

"Hata kwamba alionyeshwa kipimo?"

Remigius aliitikia kwa kichwa. Beatrice alikumbatia faili lake. "Aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hawezi kukata rufaa kupinga hatia, isipokuwa kukiri kwake kuwe na utata. Kwako hakuna utata. Umeulizwa mara mbili. Adhabu tungeweza kuilalamikia, lakini iko ndani ya sheria."

"Kwa hiyo hatutajua kama kweli ilizidi?" Remigius aliuliza.

"Hapana, kaka. Hatutajua."

Kabla ya mwezi kuisha, kampuni ilimpa dereva mwingine gari lake. Remigius alirudi Daa kupalilia mbaazi. Hakumlaumu mtu, na Piusi aliona ukimya huo ukizidi uzito kila walipokutana. Majirani walimwita Piusi kwenye vikao viwili. Mara zote mbili alisingizia mgongo, hakwenda.

Siku moja asubuhi alimfuata mdogo wake shambani, akavua kofia.

"Mdogo wangu, nimekosa."

Alingoja kuambiwa yamekwisha. Remigius alisimamisha jembe.

"Umekosa wapi, kaka?"

Piusi alishtuka. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, wala yeye hakuwahi kumuuliza mtu. "Nimesema nimekosa."

"Nimesikia. Nauliza wapi."

Mzee alitazama matuta yaliyokwisha kupaliliwa, kisha yale yaliyobaki. Maneno yalikuja kwa shida, moja moja.

"Hakimu alipokuuliza mara ya pili, ulikuwa na la kusema. Nikakukataza."

"Ndiyo."

"Sikuogopa uongo. Niliogopa watu wangekuona mbishi." Akaikunja kofia mkononi. "Wangeniona mimi nina mdogo mbishi."

Remigius aliegemea mpini wa jembe.

"Endelea, kaka," alisema. "Nasikiliza."