Mwizi wa Pua

"Marehemu ameacha mjane mmoja na watoto watano."

Kaka yangu Octavian aliyasoma maneno hayo kwenye kipaza sauti bila hata kukohoa, kisha akaendelea na idadi ya wajukuu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mbele yake kabisa, karibu na jeneza la baba. Sisi tumezaliwa sita. Mama yetu, Eveline, aliuficha uso ndani ya khanga. Hakuna aliyeguna. Chini ya yale maturubai pale nyumbani Lumemo, Ifakara, walikuwepo watu walionibeba mgongoni nikiwa mchanga, na wote waliniona nikifutwa mchana kweupe, wakaendelea kupunga nzi.

Nilitaka kuinuka nimpokonye kile kipaza sauti. Kukishika ndiyo kazi yangu, na ninakijua kuliko yeye. Wanaosikiliza rege na dansiholi wananiita Empresi Resti. Siku ile nilikuwa nimefunga kilemba juu ya rasta zangu, nimevaa miwani yangu myeusi, na nilijua nikifungua mdomo nitakuwa nimewapa walichokuwa wanakingoja. Nikaubana.

Sauti yangu, watu huuliza niliitoa wapi. Haikutoka Kingston wala Kinondoni. Ilitoka kwenye dungu, kichanja cha kulindia mpunga. Kila mpunga ulipoanza kuweka maziwa, baba yangu, Stanislaus, alinipandisha juu ya dungu katikati ya shamba niamie ndege. Kweleakwelea hawaogopi kelele za aina moja. Unazibadilisha, unazikata, unazirudia haraka haraka, unawatukania ukoo wao mzima mpaka waone aibu ya kula. Baba akiwa upande wa pili wa shamba alinijibu. "Resti, wanakuja huko!" "Nimewaona, hawatui!" Tulipokezana hivyo kutwa nzima, na alikuwa anapenda, asinidanganye mtu. Nilimsikia akicheka.

Baadaye akaniingiza kwaya ya parokia, nikaimba sauti ya kwanza, akawa anakaa benchi la mbele kifua kimemjaa. Kisha nikakutana na Kija, kijana wa Kisukuma aliyekuwa na spika kubwa kuliko chumba alichopanga. Akanipigia mdundo wa rege, mimi nikamwaga juu yake zile kelele za dungu. Tulipanda jukwaani mara ya kwanza Lupiro, siku ya mnada, enzi zile tunavuka mto kwa pantoni.

*Toka, toka shambani kwangu,*
*mdomo wako mdogo, tumbo lako gunia!*

Wavuvi na vijana wa bodaboda walirusha kofia juu. Wakadai nirudie, nikarudia mpaka jenereta ikagoma. Nilirudi Ifakara nikiwa na uhakika kwamba baba akiusikia ule wimbo atajitambua ndani yake, atacheka.

Wee! Baba alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Kwenye sala iliyofuata alisimama, akavua kofia, akasema, "Restituta si mwanangu tena. Mzazi wake ni spika ya baa." Watu wakaitikia amina. Amina, kana kwamba ametangaza mchango wa bati la kanisa! Mama alinifungia nguo zangu kwenye kitenge, akanipa na mkate wa kumimina, akalia kimya kimya jikoni. Nikaondoka zangu.

Morogoro walinirushia chupa. Mbeya mtangazaji mmoja aliniuliza hewani kama nimeolewa kabla hajaniuliza wimbo unaitwaje. Mapromota waliotaka nafasi ya jukwaani niilipie kitandani niliwatia kwenye nyimbo, majina sikuyataja, ila wake zao waliwatambua. Nilijifunza kujibu. Mlevi akinitukana katikati ya shoo, namjibu kwa mdundo uleule, na umati unanunua tena tiketi kuja kuona nani atatukanwa kesho. Nikapata albamu, nikaimba hadi Nairobi na Kampala. Kila Krismasi nilituma kadi ya salamu nyumbani, na kila Krismasi baba aliirudisha bila kuifungua. Hasira nilikuwa nazo, na sijazimaliza. Lakini alipokufa nilipanda basi siku hiyohiyo, kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu: nimzike kama mtoto wake.

Baada ya Octavian kuketi, ndipo Bibi Mariana akatokea nyumbani amevaa koti la baba.

Ukoo wake na wetu ni watani tangu wazee walipokuwa milimani Mahenge. Wao wakifiwa tunawatukana, sisi tukifiwa wanatutukana, na kukasirika ni mwiko. Alikuwa ajuza mkavu, mguu mmoja unachechemea, ulimi haujawahi kuchechemea. Alivaa kofia ya baba na miwani ya baba, kitabu cha nyimbo amekishika juu chini, anakagua waombolezaji kama baba alivyokuwa akikagua mahudhurio ya jumuiya.

"Octavian!" alifoka kwa sauti ya baba yenyewe. "Sijaoza bado, umeshavaa saa yangu?" Watu wakacheka wakalia. Akamgeukia mama. "Na wewe, Eveline, miaka yote unanilisha dagaa wenye mchanga, huoni nakwenda kuzikwa na tumbo zito?" Mama mwenyewe alicheka ndani ya khanga. Akampitia dada yangu Aurelia kwa unene wake, akawapitia wadogo zangu kwa uvivu na deni na meno, hakubakiza mtu. Nikajiandaa. Nilifurahi, niseme kweli. Niliona sasa zamu yangu imefika, na matusi ndiyo lugha ninayoimudu.

Bibi Mariana akafika mbele yangu. Akanitazama. Akaniruka kama mtu anayeruka dimbwi, akaenda kumtukana mpwa wangu.

Hapo ndipo nilipoumia. Kutosomwa kwenye ile historia ya marehemu nilikuvumilia. Lakini mtani hutukana watoto wa marehemu, na asiyetukanwa ni mgeni aliyekuja kula wali.

Nilimkuta Octavian nyuma, kwenye mafiga ya wapishi.

"Kaka, umemwambia nini Bibi Mariana?"

"Nimemwambia utani ni wa watoto wa marehemu."

"Na mimi ni nani?"

"Kamuulize spika wako." Hakupandisha hata sauti. "Alichokata baba, mimi siungi. Umekuja kuzika, zika. Ila usisogelee kaburi wakati watoto wanaitwa kutupa udongo."

Wanawake waliokuwa wanakoroga wali waliinamia masufuria yao. Nilikuwa na jibu, tena zuri, la kumfuata mpaka uzeeni. Sikulitoa. Jirani yetu mmoja alinipita akanong'ona kwa mwenzake, kwa makusudi nisikie, kwamba hao ndio wanawake wa miziki.

Tulikwenda makaburini. Padri alimaliza sala, vijana wakashika kamba za jeneza, na Bibi Mariana akajipenyeza katikati yao, akaketi kwenye ukingo wa kaburi, miguu ikaning'inia ndani.

"Hazikwi mtu hapa," akasema.

Hiyo nayo ni desturi, mtani huzuia kaburi mpaka alipwe, kwa hiyo watu walitabasamu. Octavian alikuwa ameshajiandaa, akamkabidhi kuku. Bibi akampokea, akampima uzito, akamkumbatia kwapani.

"Asante. Bado."

"Unataka nini tena, bibi?"

"Kuna mtoto mmoja sijamtukana."

Octavian akainama. "Bibi, lile jambo tulilimaliza."

"Ulilimaliza wewe. Mimi ulimi wangu si mali ya jumuiya yenu. Stanislaus alikuwa mtani wangu, tumetukanana tangu meno yetu yote yakiwa mdomoni. Nikimzika nimebakiza tusi moja, atanidai huko." Akaninyooshea kidole. "Wewe! Mwenye kiota!"

Nikasimama.

"Fungua hicho kilemba, tuone! Lo! Jamani, Stanislaus kaamia ndege maisha yake yote, kumbe ndege wamejenga kwa binti yake! Ndiyo maana mpunga wake ulikuwa hauishi kuliwa!" Mtu mmoja alikohoa kicheko. "Na hiyo sauti? Kiboko aliyekanyagwa na trekta! Unaimba Dar, mamba wa Kilombero wanahama!" Sasa walicheka, kwanza vijana, halafu wazee walioitikia amina, wakashika mbavu. "Vua na hiyo miwani! Unamficha nani?"

Nikavua.

Bibi Mariana akaniinamia usoni. Kisha akapasua sauti.

"Heee! Mnaona? Huyo! Pua ya Stanislaus hiyo hapo, pana kama upawa! Mimi nilikuwa natafuta pua ya marehemu humu kwenye jeneza siioni, kumbe imeibiwa! Octavian, mwanangu, mtu mwenye pua hii unamkataaje? Labda uikate kwanza!"

Umati mzima uliangua kicheko. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa sauti, amenishika mkono mbele ya watu wote. Nikashindwa kujizuia, nami nikacheka, machozi yakiingia mdomoni. Bibi Mariana akainuka, akajipangusa udongo makalioni, akatoka njiani, vijana wakateremsha jeneza.

"Haya, mwizi wa pua. Njoo utupe udongo."

Nikautupa. Octavian aligeuka upande mwingine, na tangu siku ile hajanisemesha. Wimbo niliourekodi baada ya msiba ule uliniletea tuzo na safari, na redio moja ya Ifakara ilikataa kuupiga. Sikujali.

Mwaka jana Bibi Mariana alifariki. Nilikuwa na shoo Dodoma. Niliiacha na mabango yake ukutani, nikaja Lupiro alikokuwa akiishi; sasa tunavuka mto kwa daraja. Kwao walikuwa wameshaketi watani wa upande wetu, Octavian akiwa mbele yao. Mlangoni nilimkuta binti wa marehemu, Balbina, amekumbatia kitenge cha mama yake na fimbo aliyokuwa akichechemea nayo. Nikamwomba anipe nivae.

Alinitazama juu hadi chini. "Pole kwa safari, lakini nguo ya marehemu haivaliwi na kila mtu. Wewe ni nani kwetu?"

"Ni mtani wenu. Mtoto wa Stanislaus."

"Watoto wa Stanislaus tunawajua. Ni watano." Akamgeukia Octavian. "Au siyo, kaka?"

Octavian aliangalia viatu vyake. Nilimngoja. Kila mtu uani alisubiri aseme, naye akaendelea kuviangalia.

Nikavua miwani.

Balbina aliitazama pua yangu, akageuka akaitazama ya Octavian, akarudi kwangu. Alijibana asicheke, ikamshinda. Akanifunga kitenge cha mama yake kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akanipa fimbo. Nikaingia uani nikichechemea, nikaanza kuwatukana kwa sauti ya Bibi Mariana.