Neno Lililokuwa Kwenye Fomu ya Atieno

Mwalimu aliyehama aliacha fomu iliyosema kwamba Atieno, mgeni pale Shule ya Nyakato kutoka Rorya, "hazoeani na wenzake". Saini ya Mwalimu Evelina, aliyelipokea darasa, tu ndiyo iliyobaki ili mtoto arudishwe kwao. Evelina alilishuku neno hilo, akamshuku na mtoto: mbona kila mchana hutoweka na chakula chake? Siku hiyo alimfuata unyounyo hadi nyuma ya darasa, akamkuta akila ugali kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona peke yako?"

Wenzake waliochungulia dirishani wakadakia, "Kushoto huyo, mwalimu! Sahani moja naye? Thubutu!"

Evelina alinawa, akaketi, akamega tonge katika sahani ya Atieno. Kisha akalikata lile neno kwenye fomu, akaandika: "Wenzake hawajamzoea. Abaki."